Lahajedwali kwa Mwanafunzi wa Mwaka wa Kwanza: Anza na Hesabu ya Boom

Mwanafunzi anayeingia mwaka wa kwanza chuoni kwa kawaida ni hodari wa simu. Anatuma na kupokea pesa, anaendesha makundi kadhaa ya WhatsApp kwa wakati mmoja, anahariri video kwa kidole gumba. Mketishe mbele ya Excel kwenye maabara ya kompyuta, mtu huyohuyo anaweka mikono mapajani na kusubiri kuambiwa. Akili ya kujifunza anayo. Kinachomfunga ni kwamba amewekewa vitufe vingi kwa mkupuo, haoni hata kimoja kinachohusiana na jambo analolitaka, na anaogopa kuharibu mashine ambayo si yake.

Mara nyingi mafunzo yenyewe humwongezea mzigo. Kipindi cha kwanza kinaishia kwenye majina ya sehemu za dirisha, cha pili kwenye rangi na ukubwa wa herufi, na fomula inafika wakati sehemu kubwa ya darasa imeshaamua kwamba mambo haya ni ya watu wa IT. Miaka miwili baadaye, ripoti ya field inapodaiwa, wanapeleka takwimu zao steshenari na kumlipa mtu awajumlishie.

Mwongozo huu ni wa anayefundisha: mkufunzi wa maabara, CR (kiongozi wa darasa) aliyeombwa na wenzake, mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayemsaidia mdogo wake. Nimechagua lahajedwali kwa sababu ndiyo inayotisha zaidi kati ya programu za kazi za kila siku, na ndiyo inayomlipa mwanafunzi mapema zaidi. Hatua zinafaa kwa Excel na kwa LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure na ikishasakinishwa haihitaji intaneti.

Hatua ya kwanza: Tafuta kazi ambayo tayari ni yake

Kabla ya kufungua programu, muulize ni hesabu gani inamsumbua mwezi huu. Kwa wanafunzi wengi wa Tanzania wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo (HESLB) jibu halichelewi: boom. Fedha ya kujikimu inaingia kwa mkupuo, wiki za mwanzo watu wanakula chipsi kuku, wiki za mwisho wanaazimana hela ya bando. Swali lake ni la kweli na ni la hesabu tupu: nikitoa nilizokwisha kutumia, kwa siku zilizobaki naweza kutumia shilingi ngapi kwa siku? Mwenzake wa Kenya atauliza hivyohivyo kuhusu mkopo wa HELB. Asiyepata mkopo ana pesa ya kutoka nyumbani, au anashika michango ya darasa, na michango nayo ina ahadi, kilichotolewa na kilichobaki.

Kazi inafaa ikitimiza mambo matatu. Takwimu zake mwanafunzi anazo kichwani au kwenye ujumbe wa simu. Jibu lake anataka kulijua leo. Na jibu likiwa na kosa, atalishtukia mwenyewe, kwa sababu akiona ametumia milioni nne kwenye chakula ndani ya wiki anajua hilo haliwezekani. Hili la tatu ndilo ninalolithamini kuliko yote. Mazoezi ya vitabuni yenye mauzo ya kampuni ya kubuni hayana sifa hiyo, maana hakuna anayeweza kuhisi kama jumla ya mauzo ya duka lisilokuwepo ni sahihi au la.

Hatua ya pili: Andaa faili kabla hajafika

Ukurasa mmoja wa Excel una mistari 1,048,576 na safu 16,384. Mwanafunzi wako leo anahitaji safu nne.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa IBM huko Marekani, John Carroll na Caroline Carrithers, walichapisha jaribio ambalo kila anayefundisha kompyuta angefaa kulijua. Walichukua programu ya kuandikia wakazizuia kazi zake za hali ya juu: mwanafunzi akizichagua, programu inamwambia tu kwamba hazipatikani kwa sasa, naye anaendelea na alilokuwa akilifanya. Walioanza na toleo hilo lililopunguzwa walianza kazi upesi zaidi, na walipoteza muda mdogo zaidi wakijinasua kwenye makosa kuliko walioanza na programu kamili. Toleo lile walilipa jina la yale magurudumu madogo ya pembeni ya baiskeli ya mtoto. Wewe huwezi kuiandika Excel upya, lakini kwa faili lililoandaliwa vizuri unaweza kumpa mwanafunzi karibu nafuu ileile.

Fungua ukurasa mpya. Kwenye A1 hadi D1 andika Tarehe, Maelezo, Kundi, Kiasi. Kila tumizi litachukua mstari mmoja: tarehe ya leo, wali maharage, Chakula, 2500. Pembeni, kuanzia F1 kushuka hadi F5, andika Boom, Nilizotumia, Zilizobaki, Siku zilizobaki, Kwa siku. Kisha G2 weka =SUM(D2:D200), G3 weka =G1-G2, na G5 weka =G3/G4. Seli G1 na G4 ziache wazi, atazijaza mwenyewe.

Jumla imekaa pembeni kwa makusudi. Kwenye daftari tumezoea kuiweka chini ya orodha, na ndivyo wanafunzi watakavyofanya ukiwaacha. Lakini orodha ya matumizi inakua kila siku. Jumla ikikaa chini, kila siku itabidi isogezwe, na ipo siku mtu atajumlisha hadi seli yenye jumla yenyewe, kisha programu imlalamikie kuhusu fomula inayojizunguka.

Baada ya hapo ziba mitego miwili. Wa kwanza ni alama yetu ya /=. Mwanafunzi aliyelelewa na risiti za Afrika Mashariki ataandika 5,000/= bila kufikiri, na programu itaichukua hiyo kuwa maandishi. SUM huyaruka maandishi kimyakimya: jumla inatoka pungufu na hakuna onyo lolote. Chagua D2 hadi D200, nenda menyu ya Data, fungua “Data Validation” kwenye Excel au “Validity” kwenye LibreOffice, ruhusu namba kubwa kuliko sifuri pekee, na kwenye nafasi ya ujumbe wa kosa andika kwa Kiswahili: “Andika tarakimu tu, bila /= wala Tsh.” Palepale, kwa safu ya Kundi, weka orodha ya kuchagua: Chakula, Nauli, Bando, Steshenari, Mengineyo. Bila orodha hiyo utapata chakula, Chakla na msosi, na baadaye hakuna fomula itakayojua kwamba hivyo vitatu ni kitu kimoja.

Mtego wa pili ni tarehe, nao unaumiza zaidi kwa sababu unajificha. Kompyuta nyingi zinabaki na mipangilio ya Marekani, ambako mwezi hutangulia siku. Mwanafunzi akiandika 5/8 akimaanisha tarehe tano Agosti, programu inaisoma kuwa tarehe nane Mei na kutulia. Akiandika 13/8/2025 inashindwa, kwa kuwa hakuna mwezi wa 13, inaiacha kama maandishi. Katika safu moja unakuwa na tarehe sahihi, tarehe zilizogeuzwa na maneno matupu. Badilisha mipangilio ya eneo iwe ya Tanzania, Kenya au Uingereza kwenye kila kompyuta ya maabara kabla ya siku ya kwanza. Hili si jukumu la mwanafunzi.

Mwisho, punguza kinachoonekana. Kwenye Excel, Ctrl+F1 hukunja ule utepe wa vitufe wa juu. Kwenye LibreOffice, menyu ya “View” ina “User Interface”, nawe unachagua mpangilio wa mstari mmoja wa vitufe. Kuza ukurasa hadi asilimia 130 ili aliyekaa kiti cha pili naye asome. Gandisha mstari wa kwanza ili vichwa visipotee orodha ikirefuka. Kisha fungulia seli za kuandikia pekee, yaani A2 hadi D200, G1 na G4, na uulinde ukurasa bila nywila. Fomula zitaonekana lakini hazitafutika.

Hatua ya tatu: Saa ya kwanza mausi iwe mkononi mwake

Mpe faili na mwambie ajaze boom yake na siku zilizobaki, kisha aandike matumizi ya jana na leo. Maelekezo yako yawe mawili tu: Tab inakwenda kulia, Enter inashuka mstari unaofuata. Basi, kaa. Atakosea, ataangalia, atarekebisha, na kila akiongeza tumizi ataona namba ya Kwa siku ikishuka. Nimewaona wengi wakinyamaza hapo na kuanza kuhesabu kwa vidole. Wameshaielewa lahajedwali kuliko hotuba yoyote ambayo ungewapa.

Kabla hajafika mbali mfundishe Ctrl+Z. Mwambie achague yote aliyoyaandika, ayafute, atazame ukurasa mtupu, kisha abonyeze Ctrl+Z yarudi. Arudie mpaka acheke. Hofu ya kuharibu ndiyo inayoshika mikono ya mwanafunzi mgeni, na hofu hiyo haiondoki kwa kuambiwa “usiogope”. Inaondoka akishaharibu kwa mkono wake na kutengeneza kwa mkono wake.

Kuhifadhi ni jambo la kufundisha kwa uangalifu zaidi ya tunavyodhani. Simu imemzoesha kwamba kazi inajihifadhi yenyewe. Excel hujihifadhi papo kwa papo ikiwa faili liko kwenye hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft. Faili lililo kwenye diski ya maabara au kwenye flashi linamtegemea yeye, na umeme ukikatika kwenye kompyuta isiyo na UPS, mistari ambayo hakuihifadhi inaweza kwenda nayo. Kwa hiyo Ctrl+S kila baada ya mistari michache mpaka vidole vizoee. Halafu zoezi hili, ambalo halipaswi kukosekana: afunge kila kitu, kompyuta ibaki kwenye skrini ya mwanzo, umwambie, “Sasa nirudishie faili lako.” Wengi hawatalipata. Hawajui kama liko kwenye flashi, kwenye folda ya vilivyopakuliwa au kwenye folda ya mtu aliyewatangulia, kwa sababu kwenye simu hawajawahi kulazimika kujua. Tumia dakika ishirini hapo ikibidi.

Kompyuta zikiwa chache, weka sharti moja na ulisimamie: anayeshika mausi ni yule asiyejua, anayejua atumie mdomo tu. Ukiliacha hili, kila kompyuta itakuwa na fundi mmoja na watazamaji wawili.

Eleza kwa Kiswahili, ila kitufe kiite kama kilivyoandikwa kwenye skrini, maana hilo ndilo neno atakalolitafuta akiwa peke yake usiku. Menyu za Kiswahili si ndoto: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Kama maabara yako ina nafasi ya kuchagua lugha, chagueni moja na iwe hiyohiyo kwenye kompyuta zote.

Hatua ya nne: Fomula, kwa kubahatisha kwanza

Kipindi cha pili mpe faili lilelile bila fomula na bila ulinzi. G2, G3 na G5 ni tupu. Kabla ya kuandika chochote akadirie jibu kwa kichwa: “Unadhani umetumia kama ngapi?” Aandike kadirio lake kwenye karatasi. Kisha mwonyeshe kwamba kila seli ina anwani, herufi ya safu na namba ya mstari, na kwamba alama ya = inaiambia programu “kokotoa”. Aanze na kutoa, siyo kujumlisha: aandike =, abofye seli ya boom, aandike -, abofye seli ya matumizi. Kubofya kunamsaidia kuona kwamba fomula inaelekeza mahali, haibebi namba. Akiandika =600000-145000 jibu litakuwa sahihi leo na la uongo kesho, nawe mwache abadilishe tumizi moja aone jibu limebaki palepale.

Simulizi moja fupi inafaa hapa. Mwaka 1978 Dan Bricklin alikuwa mwanafunzi wa shahada ya biashara Harvard. Katika hesabu za ubaoni, namba moja ikibadilika mwalimu hulazimika kufuta na kuandika upya zote zinazoitegemea. Bricklin akatamani ubao wa kielektroniki ambao ukigusa namba moja nyingine zote zinajirekebisha. Akishirikiana na Bob Frankston, wakatoa VisiCalc mwaka 1979 kwa kompyuta ya Apple II. Wanafunzi hupenda kusikia kwamba kifaa hiki kilitungwa na mtu aliyekuwa amechoshwa na kazi za darasani.

Jambo gumu kweli ni kunakili fomula, na ushauri wangu ni kumwacha aanguke mahali unapopajua. Mwambie kwenye safu ya E apate kila tumizi ni sehemu gani ya boom. Kwenye E2 ataandika =D2/G1, jibu litakuwa sahihi. Aiburute chini. E3 itatoa jibu la ajabu, E5 itatoa namba kubwa isiyo na maana, na E7 itaandika #DIV/0!. Usimkimbilie. Mwambie abofye E3 na asome kwa sauti kilichoandikwa: =D3/G2. D imeshuka kama alivyotaka. G nayo imeshuka, na G2 si boom, ni matumizi. Akisoma hadi E5 anagundua anagawanya bei ya vocha kwa siku zilizobaki. Hapo ndipo umpe alama ya $: =D2/$G$1, yaani “G1 usiisogeze”. Ukimpa $ kabla ya anguko hilo, anaikariri kama pambo na kuisahau wiki ijayo.

Anayefundisha Bujumbura au Lubumbashi, ambako kompyuta nyingi ziko kwa Kifaransa, akumbuke kwamba Excel ya Kifaransa inataka SOMME badala ya SUM, na nuktamkato badala ya mkato kati ya vipande vya fomula. Mwanafunzi anayenakili fomula kutoka video ya Kiingereza atakwama hapo.

Hatua ya tano: Makosa yanayosema na makosa yanayonyamaza

Bandika ukutani karatasi moja. ##### maana yake safu ni nyembamba, ipanue. #DIV/0! umegawanya kwa sifuri au kwa seli tupu, na kwenye faili letu ni kwa sababu siku zilizobaki hazijajazwa. #NAME? jina la fomula limekosewa herufi. #VALUE! umechanganya maandishi kwenye hesabu. #REF! umefuta kitu ambacho fomula ilikuwa ikikielekea, rudi kwa Ctrl+Z. Inatosha.

Makosa yanayonyamaza yanahitaji mazoea, na mfano wake upo. Mwaka 2010 wachumi wawili, Carmen Reinhart na Kenneth Rogoff, walichapisha makala kuhusu madeni ya serikali na ukuaji wa uchumi iliyotajwa sana na wanasiasa waliotaka kubana matumizi. Thomas Herndon, mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha Massachusetts kule Amherst, alipewa zoezi la darasa la kurudia hesabu za makala moja, akachagua hiyo. Hesabu zikakataa kulingana. Alipopewa faili lao la Excel akakuta fomula ya wastani imeishia njiani: kati ya nchi 20, tano zilikuwa nje, zikiwemo Ubelgiji, Kanada na Denmark. Kulikuwa na hoja nyingine za kitaalamu pia, lakini kosa hilo la fomula wachumi wenyewe walilikubali mwaka 2013.

Mfundishe mwanafunzi ukaguzi wa namna mbili. Achague namba zote za safu ya Kiasi kwa mausi na atazame ukanda wa chini kabisa wa dirisha, ambako programu huonyesha jumla ya alichochagua. Ilingane na G2. Na atazame ukingo: kama hakuna aliyebadilisha mpangilio, namba za kweli hulala upande wa kulia wa seli, maandishi upande wa kushoto. Namba iliyolala kushoto haimo kwenye jumla.

Hatua ya sita: Punguza msaada kwa mafungu

Miaka ya 1980 John Sweller na Graham Cooper, nchini Australia, walionyesha kwenye aljebra kwamba wanafunzi wageni hujifunza haraka zaidi wakisoma mifano iliyokwisha kufanywa kuliko wakiachiwa maswali matupu tangu mwanzo. Ndiyo sababu faili la kwanza lilikuwa kamili na la pili lilikosa fomula tu. La tatu liwe na vichwa vya safu peke yake. La nne liwe ukurasa mtupu na hesabu nyingine kabisa: michango ya mahafali, au alama za coursework. Usirukie la nne kwa sababu wawili watatu wamewahi; hao wape kazi ya kumkalia mwenzao pembeni, mdomo tu.

Kati ya vipindi simu isaidie. Majedwali ya Google yanafunguka kwenye simu, na faili likiwekewa ruhusa ya kutumika bila mtandao halimli bando kila usiku anapoandika matumizi yake.

Hatua ya saba: Pima faili lako, usimpime mwanafunzi

Mkalishe mgeni mmoja, mpe faili na kazi, mwombe aseme kwa sauti kila anachowaza. Kaa nyuma yake na kalamu, usijibu kitu. Andika kila mahali anaposimama, anapobofya kitu kisichohusika, anapogeuka kukutazama. Jakob Nielsen, mtaalamu wa Kidenmark wa urahisi wa programu, amesisitiza kwa miaka mingi kwamba watu watano tu hivi hufichua sehemu kubwa ya matatizo, nawe utaona hata mgeni wa tatu anakwama palepale walipokwama wawili wa kwanza. Hapo ni pa kurekebisha kwenye faili: kichwa cha safu kisichoeleweka, ujumbe wa kosa usiosema la kufanya, seli ya kujaza isiyo na rangi.

Chati, kupanga orodha, rangi na mapambo vyote vinangoja swali. Siku atakapouliza, “Chakula peke yake kimenila kiasi gani?”, mpe =SUMIF(C2:C200,"Chakula",D2:D200) na umwache aijaribu kwa Nauli na Bando. Kabla hajaenda field, kaeni tena pamoja mbele ya ukurasa mtupu mpange jedwali la utafiti wake: mhojiwa mmoja mstari mmoja, swali moja safu moja, majibu ya kuchagua kwenye orodha, jumla pembeni.